Nani hasa kazi yake ni kuzuia uhalifu? Kwa nini mtu anatoka jela na anarudi tena

Kila likija wimbi la vibaka mtaani maswali huwa yaleyale, polisi wako wapi, mahakama inawaachiaje hawa watu, na huko jela wanafundishwa nini mbona wanatoka wabaya kuliko walivyoingia. Ni maswali ya haki kabisa, mtu kaporwa simu yenye picha za marehemu mama yake na hela ya vikoba ndani yake lazima aulize. Ila maswali haya yanachukulia kwamba kuna ofisi mahali fulani ambayo kazi yake ni kuhakikisha kijana aliyeiba mara ya kwanza haibi mara ya pili, na ukiipitia sistimu yetu ya haki jinai hapa Tanzania hatua kwa hatua unakuta hiyo ofisi haipo. Kila chombo kina kipande chake cha kazi na kinapimwa kwa hicho kipande tu. Polisi wanahesabu makosa yaliyoripotiwa na watuhumiwa waliokamatwa, ofisi ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, inaangalia kesi ilizoshinda, mahakama inahangaika na mlundikano wa mashauri, na magereza hesabu yao kubwa ni ile ya asubuhi na jioni, wafungwa watimie na asitoroke mtu. Kila mmoja anaweza kufunga mwaka na ripoti nzuri kabisa wakati kijana yuleyule amezunguka kwao wote mara tatu.

Tumfuate huyo kijana basi, wa mfano tu. Ana miaka 20, anakaa Buguruni, kakwapua simu ya mama mmoja pale kituo cha daladala akakimbilia vichochoroni.

Kitu cha kwanza kinachotokea mara nyingi ni kwamba hakitokei chochote. Mama ataenda kituoni, atapewa RB, ile namba ya taarifa yake polisi, ataenda kuirudisha laini yake, basi. Na wengi hata kituoni hawaendi kwa sababu wameshasikia habari za kuambiwa uchangie mafuta ya gari, au uzunguke mwenyewe umtafute mwizi ukimuona ndo uite. Nalisema hili bila kuwachukia askari, kituo kinaweza kuwa na gari moja la kuhudumia kata kibao na mpelelezi mmoja ana mafaili yamejaa meza, lakini matokeo yake kwa kijana wetu ni makubwa kuliko tunavyodhani. Tangu karne ya 18 wanaochunguza mambo ya jinai wamekuwa wakisema, na tafiti nyingi za miaka ya karibuni zimekubali, kwamba kinachomzuia mtu kufanya kosa ni uhakika wa kukamatwa, ukubwa wa adhabu unakuja nyuma sana. Sisi tumefanya kinyume chake. Sheria yetu inasema unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30, na panga ni silaha, na kosa hilo halina dhamana. Miaka 30! Mtu angetegemea hakuna kijana angeshika panga. Lakini mwenye panga hapigi hesabu ya miaka 30, anapiga hesabu ya jana na juzi alipofanya akarudi nyumbani salama, na hiyo hesabu yake kwa bahati mbaya iko sahihi.

Haya, tuseme amekamatwa. Hapa ndo panapoanza sehemu ambayo wengi hatuioni mpaka ndugu yetu awe ndani. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ukutani kituoni kumeandikwa dhamana ni haki na haiuzwi, ila ili udhaminiwe unahitaji mtu mwenye kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, wakati mwingine bondi ya fedha au mali, na kijana wa Buguruni aliyekuja mjini akifuata mishemishe anaweza asiwe na mtu hata mmoja wa namna hiyo. Kwa hiyo anapanda karandinga kwenda gereza la Segerea au Keko, hajahukumiwa, ni mahabusu. Kesi inatajwa, inaahirishwa siku 14, inatajwa tena, na sentensi ile kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi za mahakama ya Kisutu anaijua kwa moyo, upelelezi haujakamilika mheshimiwa, tunaomba tarehe nyingine.

Upande wa pili yule mama. Watu wanamsahau sana. Kaitwa kutoa ushahidi, kafunga genge lake, kapanda daladala mbili, kafika kaambiwa hakimu ana dharura. Siku nyingine shahidi wa polisi kahamishiwa mkoa mwingine. Siku nyingine faili halionekani. Nani atarudi mara ya nne kwa ajili ya simu ambayo hata akishinda kesi haitapatikana? Akiacha kwenda, kesi inafutwa au inaondolewa, kijana anaonekana mtaani wiki ileile, na mtaa mzima unatoa hitimisho moja tu: amehonga. Pengine hakuhonga mtu, ni ushahidi ndo ulikosekana, ila nani atawaeleza? Na mtaa ukishaamini hivyo, siku nyingine akishikwa hawapigi simu polisi, wanatafuta tairi. Zile habari za wananchi wenye hasira kali mnazozisoma magazetini, hasira zinazochukua uhai wa mamia ya watu kila mwaka kwa mujibu wa ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, nyingi zinaanzia hapo kwenye benchi la shahidi aliyechoka, na wengine wanaochomwa hawakuiba chochote. Kwa hiyo chombo kilichoshindwa kesi ndogo ya simu kimezalisha kesi ya mauaji, na kwenye ripoti ya mwaka hizo ni takwimu mbili zisizojuana.

Kuhusu hili la upelelezi, haki isemwe, mwaka 2022 sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ilirekebishwa ili mtu asifunguliwe kesi kabla upelelezi haujakamilika, lakini yale makosa makubwa yakabaki nje ya huo utaratibu, na ndiyo hayo yanayokalisha watu ndani miaka. Kabla ya hapo, Agosti 2020, Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshasema kifungu kinachonyima dhamana kwa makosa kadhaa hakivunji katiba, baada ya Mahakama Kuu kuona vingine miezi michache tu nyuma.

Sasa ndani. Magereza yetu kwa pamoja yana nafasi ya watu takriban 30,000, na kwa miaka mingi waliomo walizidi hapo, karibu nusu yao wakiwa mahabusu. Julai 2019 Rais Magufuli aliingia gereza la Butimba pale Mwanza akawasikiliza waliomo mmoja mmoja wakieleza kesi zao, na baada ya ziara ile viongozi wa wizara na DPP wakaanza kupita magerezani kupunguza watu. Tafakari kidogo hiyo maana yake. Kama ziara ya siku chache inaweza kukuta watu kibao ambao serikali yenyewe inaona hawana sababu ya kuwa mle, basi wale watu walikuwa wamekaa humo wakilala mchongoma, ubavu kwa ubavu, na wazoefu wa kazi, na ule muda haurudi. Mahabusu tena ana shida yake ya pekee ambayo haizungumzwi, programu za ufundi na kilimo zimepangwa kwa wafungwa, yeye hajahukumiwa hivyo hapangiwi, anaweza kukaa mwaka au miwili hajajifunza kitu zaidi ya kile anachosimuliwa usiku na mwenzake wa unyang'anyi. Kijana wa simu moja anaingia hapo anatoka na namba za simu za watu.

Na wengine hawakuiba hata hiyo simu. Kanuni ya Adhabu yetu, ambayo ni ya mwaka 1945 enzi za mkoloni, bado ina makosa ya uzururaji, mtu kukamatwa kwa sababu hana kazi inayoonekana na hajieleweki anaenda wapi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii zinakiuka haki za binadamu na nchi zinatakiwa kuzifuta au kuzirekebisha. Msako ukipita usiku unawazoa mamalishe, madada poa, wapiga debe na wapita njia, asubuhi namba ya waliokamatwa ni kubwa, na uhalifu haujaguswa hata kidogo. Umegusa tu watu ambao jana walikuwa na kibarua leo hawana.

Aliyehukumiwa yeye anafanya kazi, na hapa magereza wana vitu vya maana ambavyo watu wa nje hawavijui. Karanga kule Moshi kuna kiwanda cha viatu, Ukonga wanatengeneza fenicha nzuri tu ambazo ofisi nyingi zinazinunua, Ruanda Mbeya kuna chuo cha ufundi. Wako watu wameingia hawajui kushika randa wakatoka mafundi wa kweli. Tatizo ni kwamba kwa sehemu kubwa kazi ya mfungwa inapangwa kwa kuangalia gereza linahitaji nini, shamba lilimwe, chakula kipatikane, mradi uingize hela, na mara chache inapangwa kwa kuangalia huyu mtu akirudi Buguruni atakula nini. Kijana wa mjini analima mahindi ya gereza miaka miwili halafu anarudishwa mahali pasipo na hata robo eka. Sijasema kulima ni kubaya. Nasema hakuna aliyeuliza.

Halafu mlango wa kutokea. Huu ndo moyo wa jambo lenyewe na mimi naona ndo tunapoteza watu wengi zaidi. Kuna njia tatu kubwa za kutoka kabla muda wote haujaisha. Ya kwanza, mfungwa mwenye tabia nzuri anapunguziwa theluthi moja ya kifungo, hii ni ya kawaida kabisa. Ya pili msamaha wa Rais, kwa mfano Desemba 9, 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, na Aprili 26, 2021 Rais Samia akasamehe 5,001. Ya tatu parole, sheria yake ni ya mwaka 1994, mtu anatumikia theluthi ya kifungo halafu bodi ikiridhika anamalizia nje chini ya uangalizi, anaripoti, kuna mtu anamfuatilia na kijiji au mtaa unajua anarudi.

Angalia tofauti. Njia mbili za mwanzo, ambazo ndizo zinazotoa watu wengi, hazina ufuatiliaji wowote, geti likifunguliwa serikali na wewe mmemalizana. Ile moja yenye ufuatiliaji ni nyembamba sana, kwa sababu sheria imewatoa watu wa vifungo vya maisha, unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, ubakaji na mengine, kiasi kwamba marehemu Augustino Mrema alipokuwa mwenyekiti wa bodi ya taifa ya parole alilia nayo hadharani mara kadhaa. Yaani kati ya hizo tuna chombo kimoja tu kinachomshika mtu mkono kumrudisha nyumbani, na tumekifungia wale wanaokihitaji kuliko wote. Yule wa unyang'anyi siku yake ikifika anatoka vilevile, tofauti ni kwamba anatoka peke yake.

Siku ya kutoka yenyewe ikoje? Anarudishiwa nguo alizoingia nazo, anapewa hati ya kuonyesha amemaliza kifungo na nauli ya kumfikisha kwao. Chumba alichopanga kilishapata mtu mwingine. Mke pengine karudi kwao au kaolewa. Simu haina laini. Mtaani mjumbe anamuangalia kwa jicho la pembeni. Akitafuta ulinzi wanataka wadhamini na barua, kampuni nyingine cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ipo na ni kitu kizuri, ila unaingia kwenye kikundi kinachoaminiana, na kikundi gani kitamuweka mtu aliyetoka Segerea mwezi jana kuwa mwenzao wa kurejesha hela? Ujuzi wa useremala anao, randa hana. Na kukiwa na tukio lolote mtaani wa kwanza kugongewa mlango ni yeye, kwa sababu yuko kwenye orodha, analala ndani siku mbili, kibarua alichokipata kwa tabu kinakufa. Wanaompokea kwa mikono miwili bila kuuliza maswali ni walewale wa zile namba za simu.

Ukimuuliza ofisa yeyote kwenye mnyororo huu kwa nini kijana kaiba tena, atakwambia kwa ukweli mtupu kwamba yeye alifanya kazi yake. Na alifanya. Sheria ya huduma kwa jamii tunayo tangu 2002, mtu wa kosa dogo anafagia hospitali au kupanda miti huku anaishi kwake na kazi yake inaendelea, na maofisa wa probesheni wapo, lakini ni wachache, na kuna mahakama ambazo hakimu hana wa kumtuma akachunguze nyumbani kwa mshtakiwa kukoje, sasa atafanyaje zaidi ya kuandika miezi sita jela? Hapo anampeleka mtu kwenye bweni lililojaa kwa kukosa ofisa mmoja na nauli yake.

Kuna watu watasema dawa ni polisi kuwa wakali. Panya Road, vile vikundi vya vijana wa mapanga wa Dar, inajibu hilo. Januari 2, 2015 Dar nzima ilifunga maduka na watu wakakimbizana kwa uvumi wa vijana wenye mapanga, msako ukafanyika, mamia wakakamatwa, tukaambiwa wameisha. Septemba 2022 wakarudi, binti mwanafunzi akauawa Kawe, jiji likalia, na siku chache baadaye polisi wakatangaza kuua watuhumiwa kadhaa katika mapambano. Nawaelewa waliopongeza, hofu ile ilikuwa ya kweli na familia ile haitapona kirahisi. Lakini miaka saba katikati ilitosha kabisa kwa watoto waliokuwa na miaka 10 mwaka 2015 kufika 17, wakitokea vitongoji vilevile. Kilichofanyika kwao ndani ya hiyo miaka saba ni nini? Shule ya maadilisho, ile ambayo mtoto aliyefanya kosa anapelekwa kwa amri ya mahakama kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela, nchi nzima ni moja, Irambo, Mbeya. Mahabusu za watoto ni za kuhesabika. Mtoto wa Dar anapelekwa Mbeya mbali na mama yake, au anakaa na wakubwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na cheti chake cha kuzaliwa.

Mfano unaonipa moyo hautoki polisi wala magereza. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa mbadala, kwa watumiaji wa heroini, baadaye Mwananyamala na Temeke wakafuata. Mtu aliyekuwa anahitaji hela ya kete kila asubuhi, na kuipata kwa kukwapua side mirror au kuingia nyumba za watu, sasa anapanga foleni anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi na anarudi zake. Hajawa malaika, ila ile sababu ya kuiba kila siku imeondolewa, na iliyoiondoa ni wizara ya afya. Polisi wangemkamata huyo mtu mara 20 wasingeifikia. Ulinzi shirikishi nao, ule wa polisi na wananchi kulinda mtaa pamoja ulioshika kasi wakati wa mkuu wa polisi (IGP) Said Mwema kuanzia 2006, na sasa hawa wakaguzi wa polisi wa kata, unafanya kazi pale ambapo askari anajua majina ya vijana wa kata yake na nani katoka jela juzi, na unakufa pale anapohamishwa kila baada ya miezi michache au anapopimwa kwa idadi ya aliowaleta kituoni.

Januari 2023 Rais Samia aliunda tume ya kuangalia haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, Julai mwaka huohuo ikakabidhi ripoti. Iligusa mengi ambayo watu walikuwa wanayalalamikia vijiweni, vyombo vingi mno kuwa na mamlaka ya kukamata, upelelezi kutakiwa kuwa na ofisi yake huru, magereza kuelekea kwenye urekebishaji. Mjadala mkubwa uliofuata ulikuwa wa polisi na upelelezi, na sishangai, huko ndiko kwenye maumivu yanayoonekana. Ila kwangu mimi ukiniuliza tuanze na lipi ningechukua jambo dogo kuliko yote hayo: kila anayetoka gerezani, awe kwa msamaha, kwa tabia njema au kamaliza, awe na ofisa wa ustawi wa jamii mwenye jina na namba ya simu kwenye halmashauri anayoenda, kwa miezi sita ya kwanza, na huyo ofisa apimwe kwa kitu kimoja, wangapi kati ya watu wake hawajarudi ndani. Fundi apewe vifaa vyake getini vikitokana na sehemu ya kazi aliyoifanya mle ndani. Parole ifunguliwe kwa hao wa makosa mazito, tena kwa masharti makali. Mfungwa mmoja analishwa, analindwa, anatibiwa na kusafirishwa mahakamani kwa hela ya walipakodi kila siku iendayo kwa Mungu, kwa hiyo hela ya seti ya randa na mshahara wa ofisa ipo, inatumika sasa hivi, inatumika kumlisha mara ya pili.